Amri Unayo, Mtoto Humwoni

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wazazi walioachana. Naiweka hapa yote kwa ajili ya mlioshindwa kufika. Maswali ya mwisho nimeyaacha, maana wengi waliuliza mambo ya ndani ya nyumba zao.

Ndugu zangu, akina baba na akina mama, habari za asubuhi.

Tuanze kwa mikono. Nani hapa ana amri ya mahakama inayosema amwone mtoto wake? Nyosheni, msione haya. Asanteni, shusheni. Sasa anyooshe yule ambaye kwa miezi mitatu iliyopita amri hiyo imefuatwa siku zote zilizoandikwa, hata moja haikurukwa.

Mnaona wenyewe. Mikono mitatu. Na mmoja ni wa kaka aliyekaa nyuma kabisa, ambaye nadhani ananyoosha kwa sababu ana swali. Kaka, vumilia, nitakufikia.

Kila wiki anaingia mtu ofisini kwangu na karatasi yenye mhuri. Ameikunja mara nne, imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Anaiweka mezani, anaipigapiga kwa kidole. "Mama wakili, hakimu alishasema. Mbona mtoto sipewi?" Anaongea kana kwamba mhuri ule una miguu, utatoka wenyewe usiku uende kumchukua mtoto. Hauna. Amri ya mahakama haitembei. Hakimu aliyeiandika alifungua faili la watu wengine dakika ileile mlipotoka, na hatajua kwamba imevunjwa mpaka mtu arudi kumwambia.

Nimesimama upande wa akina baba, nimesimama upande wa akina mama. Ubishi nimeuona, hila nimeziona, foleni za mahakama ndiyo usiseme. Lakini kinachowaangusha akina baba wengi ni kuchelewa. Narudia: kuchelewa. Baba ananyimwa mtoto mwezi wa kwanza, anasema acha nimpe muda apoe. Mwezi wa pili, anasema nitaongea na kaka yake. Mwezi wa sita anakuja kwangu, na mtoto ameshajifunza kuishi bila yeye.

Niwape kisa kimoja kilichofika mbali. Huko Finland, mwaka 1985, mwanamke mmoja alifariki akaacha binti mdogo. Baba, akiwa ndiyo kwanza kafiwa, akawaachia babu na bibi wa upande wa mama wamlee kwa muda. Alipomtaka mwanawe, wazee wakagoma. Baba akaenda mahakamani, akapewa amri ya kumwona. Wazee wakagoma. Akarudi mahakamani, wazee wakagoma. Miaka ikaenda, shauri likafika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg, na mwezi Septemba 1994 majaji wakatoa hukumu. Wakasema nchi ile ilikosea. Haki ya baba kumwona mtoto iliachwa bila kutekelezwa, na mzigo wote wa kuhangaika na njia zisizozaa kitu akatwishwa yeye. Baba alishinda.

Alishinda nini? Binti alikuwa amefika miaka kumi. Mahakama za kwao zilikuwa zimeshaona kwamba amekua, maoni yake yasikilizwe, na mwenyewe alisema hataki. Majaji wa Strasbourg hawakuona kosa katika hilo, wala hawakuona kosa babu na bibi kupewa ulezi. Kwa hiyo baba ana hukumu mkononi, na huko nyumbani kuna msichana asiyemtaka.

Mahakama hiyohiyo ilirudi kwenye jambo hili mwaka 2000, katika shauri dhidi ya Romania. Safari hiyo mambo yaligeuka: baba ndiye aliyewang'ang'ania mabinti, mama ndiye aliyenyimwa. Msidhani ugonjwa huu ni wa wanawake. Majaji wakasema kipimo cha utekelezaji ni wepesi wake, kwa kuwa muda ukipita, uhusiano wa mtoto na mzazi asiyeishi naye unaweza kuharibika usitengenezeke tena.

Fanyeni hesabu ndogo. Mtoto wa miaka mitatu asipokuona kwa miezi sita, ni moja ya sita ya umri wake wote. Kwako wewe ni nusu mwaka tu. Kwake yeye ni enzi nzima.

Basi, ukinyimwa, nenda upesi. Lakini uende na nini?

Swali langu la pili: wangapi mmeisoma amri yenu? Nasema kuisoma, neno kwa neno, achana na ulivyosimuliwa na wakili ukiwa koridoni. Nilikuwa na mteja ambaye amri yake ilisema hivi: baba atamwona mtoto kwa nyakati zinazofaa, kwa makubaliano ya wazazi. Maneno matamu! Siku ile walitoka mahakamani wote wawili wakitabasamu. Nyakati zinazofaa ni zipi? Kwa baba, kila Jumamosi. Kwa mama, hakuna. Nami kwa ujana wangu nikakimbilia ombi la dharau ya mahakama, yaani mama aadhibiwe kwa kukaidi amri. Hakimu akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniuliza, "Wakili, huyu mama amevunja mstari gani?"

Nikautafuta ule mstari. Nikageuza karatasi. Sikuupata. Ombi likatupwa, na gharama tukabebeshwa sisi.

Dharau ya mahakama si jambo la kulalamika tu. Mtu anaweza kufungwa, kwa hiyo mahakama inadai uthibitisho mzito kuliko ule wa mashauri ya kawaida ya madai. Uingereza, kwa mfano, wanatumia kipimo kilekile cha kesi za jinai. Amri iwe wazi. Aliyeamriwa awe anaijua. Awe ameivunja kwa makusudi, si kwa kuchelewa basi. Amri ya maneno matamu haifiki hata hatua ya kwanza. Ukiwa na amri ya namna hiyo, rudi uombe ifafanuliwe: siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, mtoto anakabidhiwa wapi, nani anamleta, akiumwa inakuwaje, likizo zinagawanywa vipi, simu apige lini. Ombi hilo halina kelele, na wateja wengi hawalipendi kwa sababu halimwadhibu mtu. Limenisaidia kuliko maombi kumi ya dharau.

Na nyongeza moja hapohapo. Kama mnagombana kila mnapokutana getini, omba makabidhiano yawe shuleni. Baba anamchukua Ijumaa masomo yakiisha, anamrudisha Jumatatu asubuhi. Hamkutani, hamtukanani, na mtoto hasimami katikati ya watu wazima wawili akiwa na begi mgongoni, hajui amwangalie nani.

Sasa nataka niwaeleze habari za daftari.

Alikuja kwangu baba mmoja, fundi, mtu wa maneno machache sana. Amri yake ilikuwa nzuri: kila Jumamosi, saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Jumamosi ya kwanza akaambiwa mtoto anaumwa. Ya pili, amekwenda kwa shangazi yake. Ya tatu geti halikufunguliwa. Ya nne halikufunguliwa. Akaja Jumatatu, macho mekundu. Wiki ileile tukaandika barua, na barua ilipokosa majibu tukapeleka ombi la kukazia amri, yaani mahakama ihakikishe inatekelezwa. Nikampa kazi moja: endelea kwenda kila Jumamosi, na uandike.

Akaniuliza, "Mama, niende kufanya nini na najua nitanyimwa?"

Nikamwambia, "Nenda ukanyimwe."

Mnacheka, lakini hiyo ndiyo kazi. Nenda ukanyimwe, na unyimwe kwa adabu. Usipige geti, usipige kelele, usiende na kaka zako wanne. Ukifika, tuma ujumbe mmoja: "Nimefika saa nne kama amri inavyosema. Nitasubiri mpaka saa tano kasoro robo. Kama mtoto anaumwa, nijulishe." Basi. Ule ujumbe mwingine unaoutunga saa saba usiku, wenye alama nne za mshangao, uandike kisha uufute. Usipoufuta, wakili wa upande wa pili ataukuza kwa herufi kubwa, na nakala ya kwanza itakuwa mbele ya hakimu.

Polisi je? Dada mmoja aliniuliza mlangoni. Mahali pengi askari atakwambia hili ni shauri la madai, rudi mahakamani ulikotoka. Usigombane naye. Mwombe tu aandike kwamba ulifika, akupe namba ya kumbukumbu. Ni ukurasa mwingine wa daftari.

Yule fundi alikwenda. Shauri likaahirishwa mara ya kwanza, akaenda. Likaahirishwa mara ya pili, akaenda. Zilifika Jumamosi kumi na tisa. Siku ya kusikilizwa, wakili wa mama akamuuliza anazikumbukaje tarehe zote hizo kichwani. Jamaa akainama, akatoa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Hakimu akaliomba. Akafungua ukurasa, akafungua ukurasa, chumba kimya. Kisha akasema, "Hapa umeandika neno moja tu: mvua."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mvua ilifanya nini?"

"Ilininyeshea."

Sikuongeza neno. Ningeongeza nini? Tulipewa siku zilizopotea zifidiwe wakati wa likizo, makabidhiano yakahamishiwa mbele ya afisa ustawi wa jamii kwa miezi ya mwanzo, gharama tukalipwa, na mama akaonywa kwa maandishi kwamba akirudia atajieleza kwa nini asiadhibiwe.

Mlinganisheni na mwingine, ambaye nampenda kama ndugu lakini hakunisikia. Kizimbani akaulizwa, "Ulikwenda mara ngapi?" Mara mbili. "Katika miezi minane?" Akajibu, "Nilijua nitanyimwa." Mama naye akasimama, akaapa, akasema kila Jumamosi alimwogesha mtoto na kumvalisha, wakakaa sebuleni kumsubiri baba asiyetokea. Je, ni kweli? Mpaka leo sijui. Hakimu naye hakujua, na hakimu asiyejua hatoi adhabu.

Kuna makosa mawili ya akina baba ambayo nitayapita haraka kwa sababu mnayajua na mnayafanya.

La kwanza ni kukata matunzo. "Ananinyima mtoto, namnyima hela." Nilikuwa na mteja aliyesimamisha matunzo miezi mitano ili mama aone. Mama akaona kweli: akatutangulia mahakamani. Tuliingia tukiwa walalamikaji, tukatoka tukiwa wadaiwa. Karibu kila sheria ninayoijua inazihesabu hizi kuwa amri mbili zisizotegemeana. Na hili ni msumeno, akina mama: matunzo yasipokuja, dai matunzo. Mtoto si rehani.

La pili ni kumpora. Kumvizia njiani, kumchelewesha kumrudisha "na mimi nionje." Siku hiyo unageuka kuwa mvunja amri, na daftari lako lote limeungua.

Akina mama, nimewaona mmekunja mikono. Sasa ni zamu yenu, na ninyi nataka tuzungumze taratibu.

Haki hii ni ya nani? Tumezoea kusema haki ya baba. Someni Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, kifungu cha 9. Someni Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, wa mwaka 1990, kifungu cha 19. Yote miwili inasema ni haki ya mtoto aliyetenganishwa na mzazi kuendelea kuwa na uhusiano naye na kukutana naye mara kwa mara. Unapofunga geti, unadhani umemfungia mwanamume aliyekuumiza. Nyuma yako yupo mwenye haki yake.

Lakini mkataba huo wa 1989 una neno jingine palepale: isipokuwa pale ambapo kukutana huko kunapingana na maslahi ya mtoto. Neno hilo si pambo. Nimemwakilisha mama ambaye mtoto alirudi na alama za mkanda mgongoni. Nimemwakilisha mwingine ambaye baba alikuja kumchukua mtoto akiwa amelewa, na gari ndiyo hilo. Mama wa namna hiyo nimwambie nini, atii tu? Hapana. Nilimwambia aende hospitali siku ileile, apate maandishi, na kesho yake asubuhi tukawa mahakamani kwa hati ya dharura kuomba amri ibadilishwe, baba amwone mtoto mbele ya mtu wa tatu mpaka mambo yachunguzwe. Akapata. Tofauti yake na anayefunga geti na kuzima simu ni kwamba yeye alikwenda kusema. Ukiwa na hofu ya kweli, ipeleke kwa hakimu kabla baba hajapeleka malalamiko yake. Hofu iliyokaa kimya miezi minane, ikaja kusemwa siku ya kujibu shauri la dharau, hata kama ni ya kweli inasikika kama imetungwa koridoni.

Na baba ambaye kweli ni hatari, sitasimama hapa kumfundisha namna ya kufungua geti.

Haya, adhabu. Najua kuna waliokuja kwa ajili ya sehemu hii.

Nchi zimejaribu mengi. Ufaransa, kumnyima mtoto mtu mwenye haki ya kumdai ni kosa la jinai, kifungo hadi mwaka 1 na faini hadi euro 15,000. Ujerumani, mahakama inaweza kutoza hadi euro 25,000 au kumweka mtu ndani hadi miezi 6. Uingereza, sheria ya mwaka 2006 iliongeza jambo ambalo binafsi nalipenda: mzazi anayevunja amri anaweza kupewa kazi za jamii bila malipo, kuanzia saa 40 hadi 200, na anaweza kuagizwa kumlipa mwenzake hasara, kama vile nauli iliyopotea. Mwisho kabisa wa ngazi, mahakama inaweza kumhamisha mtoto akaishi na yule aliyekuwa ananyimwa, ikiridhika kwamba hilo ndilo jema kwa mtoto. Na angalieni Wajerumani hawahawa wenye faini kubwa: sheria yao inakataza mtoto mwenyewe kukamatwa kwa nguvu ili apelekwe kumwona mzazi. Mzazi atabanwa. Mtoto habebwi mzobemzobe.

Mimi niliielewa hekima hiyo kwa kuchelewa. Miaka ya nyuma niliomba mama mmoja afungwe. Alistahili, kisheria sikuwa na shaka hata chembe: alivunja amri mara nyingi, alionywa, akacheka. Nikapewa. Siku saba. Nilitoka mahakamani nimeinua kichwa.

Wiki iliyofuata baba akaenda kumchukua mwanawe, mvulana wa miaka minane. Mtoto akatoka bila kusukumwa, akapanda gari, akakaa kimya kutwa nzima. Hakugusa chakula. Jioni, akiwa anashuka, akamwambia baba yake maneno mawili: "Ulimfunga mama."

Hakuja tena. Na kwa hilo, ndugu zangu, hakuna ombi la kuandika. Nilikaa na faili lile mezani siku kadhaa, nimeshinda kila kitu.

Tangu hapo huwa napanda ngazi kuanzia chini, ila napanda bila kupumzika. Barua wiki ya kwanza. Msuluhishi, kama upande wa pili unajibu simu; wasipojibu, sisubiri. Kisha mahakama: fafanua amri, fidia siku, hamisha mahali pa makabidhiano, gharama, onyo, faini. Kifungo nimekiacha juu kabisa ya kabati, na kila mteja anayekitaka namuuliza kwanza mtoto ana miaka mingapi, na siku hiyo atalala kwa nani.

Nimalizie habari ya yule fundi, maana sikuimaliza.

Jumamosi ya kwanza baada ya amri mpya, mtoto aliletwa na afisa ustawi. Msichana, alikuwa amefikisha miaka mitano. Baba yake alikuwa amejiandaa kwa kila kitu: amlilie, amkimbie, asimtambue kabisa. Alikuwa na mwanasesere mkononi, hajui ampe sasa au baadaye. Mtoto akamwangalia kuanzia viatu mpaka kofia, akasema, "Wewe ndiye unayesimamaga getini na daftari."

Kumbe dirisha la chumba chake lilikuwa linatazama njiani.

Haya. Kaka wa nyuma, mkono wako umechoka. Simama, uliza.